Mbunge hana bomba mfukoni: makamanda, tuwaambie wapiga kura ukweli



Jumapili iliyopita asubuhi nilipita kwa mama mmoja mtaani kwetu, huku Kimara, anayepika chapati na maharage barazani kwake. Nilikuwa na kadi za chama mkononi. Tunaandikisha wanachama wapya, tunajiandaa na uchaguzi wa serikali za mitaa mwishoni mwa mwaka huu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akageuza chapati yake, halafu akaniuliza swali moja tu:

"Mwanangu, ulipokuja hapa 2010 uliniambia nini kuhusu maji?"

Sikuhitaji kukumbushwa. Nilikaa kwenye benchi lile lile, nimevaa fulana mpya ya kampeni, nikamwambia, "Mama, tupe kura. Mbunge wetu akiingia, maji yatatoka." Akatupa. Akamshawishi na mwanawe, na wapangaji wake wawili.

Leo ni 2014. Bomba lipo nje ya nyumba yake, lile wanaloliita bomba la Mchina, na mara nyingi linatoa hewa tu. Maji yakija yanakuja usiku wa manane, anayelala amekosa. Kwa hiyo mama ananunua. Kwa mgahawa na nyumba anatumia madumu kumi kwa siku, na dumu la lita 20 wakati wa shida analipata kwa shilingi 400. Piga hesabu: 4,000 kwa siku, 120,000 kwa mwezi. Wapangaji wake wawili wanamlipa 40,000 kila mmoja. Yaani kodi yote ya nyumba inaishia kwenye madumu, na bado haitoshi.

Sasa mimi kamanda mzima nikaanza kujibu kama tunavyojibu siku zote. Nikamtajia barabara. Nikamtajia shule. Nikamtajia na kesi ya uchaguzi tuliyoshinda Mahakama Kuu. Mama akaniangalia, akasema:

"Mimi nimekuuliza maji, wewe unanijibu barabara. Kadi yako iache hapo mezani. Ukija na jibu, nitaichukua."

Nimekaa na swali hilo wiki nzima. Nikaona niliandike hapa, kwa sababu najua kila kamanda wa Ubungo, Kawe, Arusha, Mbeya, Mwanza na Iringa anakutana nalo: "Mbunge wenu amefanya nini?" Na kiukweli jibu letu la kawaida ni bovu. Ni bovu kwa sababu tumelijenga juu ya ahadi ambayo hatukuwa na haki ya kuitoa.

Tuanze na Katiba. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Mbunge anauliza maswali kwa mawaziri, anajadili utendaji wa kila wizara, anapitisha mipango na bajeti, anatunga sheria. Humo hamna kuchimba visima. Hamna kununua jezi, wala kulipia jeneza.

Halafu kuna Ibara ya 99, ambayo wengi wetu hatujawahi kuifungua. Inalizuia Bunge kushughulikia jambo lolote la kuongeza kodi au kutoa fedha kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa pale Rais amependekeza na Waziri amewasilisha. Kwa Kiswahili cha kijiweni: mbunge mmoja hawezi kusimama Dodoma akasema "naongeza bilioni mbili za maji Kimara" na zikaongezeka. Anaweza kubana, kushauri, kukataa kuunga mkono bajeti, kutaka maelezo. Hela zenyewe zinashikwa na Serikali, na Serikali hii siyo ya kwetu.

Kuna watu watasema, "Mbona kuna Mfuko wa Jimbo?" Upo. Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ilipitishwa 2009, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Lakini fedha zinapitia akaunti ya halmashauri na miradi inatakiwa iibuliwe na wananchi wenyewe. Ni fedha za kumalizia darasa, za kutengeneza kivuko, za kusaidia kisima kidogo. Jimbo linaloanzia Mabibo na Manzese likaishia Kibamba mpakani na Kibaha, huwezi kulilaza bomba kwa mfuko huo. Atakayekwambia anaweza, anakudanganya, hata kama amevaa magwanda kama mimi.

Watasema tena, "Basi baraza la madiwani." Mbunge ni mjumbe wa baraza, ni kweli. Lakini pale ana kura moja. Manispaa ya Kinondoni ina majimbo matatu, na sisi tulishinda mawili, Ubungo na Kawe. Pamoja na hayo, meya ni wa CCM, kwa sababu umeya unapatikana kwa kuhesabu madiwani. Na mkurugenzi wa manispaa hachaguliwi na mtu yeyote mtaani kwetu. Wengi wetu 2010 tulipigania ubunge tukausahau udiwani, kama tulivyousahau uenyekiti wa mtaa mwaka wa kabla yake. Tukapata sauti kubwa Dodoma, huku chini tukawaachia mezani wale wale.

Hapa ndipo panapotofautisha jimbo la mjini na jimbo la kijijini. Kule vijijini mambo mengi yanayomgusa mwananchi yako chini ya halmashauri yake: zahanati, shule, barabara ya vumbi, kisima. Huku mjini hebu angalia nani anashika nini. Maji: miundombinu ni ya DAWASA na wanaoyauza ni DAWASCO, wote chini ya Wizara ya Maji. Umeme ni TANESCO. Barabara ya Morogoro na zile zinazoitwa barabara za kupunguza msongamano, kama Mbezi kwenda Goba na Kimara Baruti kwenda Msewe, ni TANROADS. Daladala ziko chini ya SUMATRA. Mabasi yaendayo haraka yana wakala wake. Diwani wetu, hata awe hodari kiasi gani, hana mamlaka ya kumwita bosi wa shirika lolote kati ya hayo akamwambia kaa hapa ujieleze.

Bunge ndilo lina mamlaka hayo. Ndiyo maana nasema mbunge wa mjini kazi yake kubwa iko mdomoni na kwenye makaratasi, na siyo dharau kusema hivyo. Mji huu unaendeshwa na wizara na mashirika ya taifa. Mwakilishi pekee tunayempigia kura ambaye waziri analazimika kumjibu hadharani, maneno yakaandikwa kwenye Hansard, ni mbunge. Akikaa kimya, hakuna mwingine.

Sasa turudi kwenye swali la mama. Mbunge wetu, Mheshimiwa John Mnyika, amefanya nini kuhusu maji?

Februari 2013 alipeleka bungeni hoja binafsi juu ya maji katika jiji la Dar es Salaam. Kwa wasiojua, hoja binafsi ni silaha kubwa kuliko swali. Swali linajibiwa kwa dakika chache, unapewa maswali ya nyongeza, waziri anasema "Serikali inaendelea na mchakato," imekwisha hiyo. Hoja inajadiliwa, na ikipita inakuwa azimio la Bunge, na Serikali inatakiwa kuja kueleza imelitekelezaje. Hoja ile ililenga hapo hapo: Bunge zima liibane Serikali kuhusu maji ya jiji hili, tena kwa haraka.

Kilichotokea wengi tulikiona kwenye televisheni. Waziri wa Maji, Profesa Maghembe, alisimama akataka hoja iondolewe, kwa maelezo kwamba Serikali tayari ina mpango wake. Naibu Spika akawahoji wabunge, waliokuwa wengi wakasema ndiyo, hoja ikaondolewa. Wabunge wetu wakapinga, ukumbi ukawa vurugu, kikao kikavunjika. Kesho yake magazeti yakaandika vurugu. Maji yakasahaulika.

Naomba kila kamanda aelewe uzito wa jambo lile. Hoja haikushindwa kwa takwimu, wala hakuna aliyethibitisha kwamba Kimara, Mbezi na Goba kuna maji ya kutosha. Iliondolewa kabla mjadala haujafika mwisho. Na waliosema ndiyo ni wabunge wa CCM, chama chenye wabunge wa jiji hili hili ambao wapiga kura wao nao wanabeba madumu. Siku ile, kwa maana ya kazi ya ubunge, ndipo bomba la mama wa chapati lilipofungwa. Na aliyelifunga ana jina la chama.

Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa mama. Lakini sikumpa, kwa nini? Kwa sababu 2010 sikumwambia kwamba kazi ya mbunge ni kupeleka hoja. Nilimwambia maji yatatoka. Ukishaahidi maji, huwezi kurudi na Hansard. Nilimpimia mbunge wangu kwa kipimo ambacho hakuna mbunge wa upinzani nchi hii angeweza kukifikia, halafu nashangaa mama akitumia kipimo hicho hicho kumhukumu.

Tusijidanganye, makamanda. Huu ugonjwa tumeuambukizwa na CCM, lakini sasa ni wa kwetu. Greda la manispaa likipita mtaani tunapiga picha, tunaandika "Mbunge wetu apeleka barabara". Kumbe ni hela za halmashauri, za kodi ya wananchi, zimepitishwa na baraza lenye vyama vyote. Leo tunachukua sifa ya barabara, kesho barabara isipochongwa tunasema "lakini mbunge hana fungu." Wananchi siyo wajinga. Ukila sifa, utakula na lawama.

Halafu kuna hili la mifuko. Nimeshuhudia kwa macho yangu, nikiwa na mbunge mmoja wa chama chetu kwenye msiba (simtaji jina), kabla hajamaliza kutoa pole alishavutwa pembeni na watu wanne. Mmoja anataka nauli ya kusafirisha mwili, mwingine ada ya mtoto, wa tatu mchango wa harusi, wa nne jezi za timu ya mtaa. Wale siyo watu wabaya. Wana shida za kweli, na wamezoeshwa hivyo miaka mingi. Lakini jiulize: mbunge anayetoa kwa wote hao kila wiki, mshahara ukiisha anaenda kukopa wapi? Na anayemkopesha anataka nini siku muswada wa mafuta, wa madini au wa simu unapokuja mezani? Mbunge anayelisha jimbo zima kwa mfuko wake, kuna mtu anamlisha yeye.

Kijana mwenzetu mmoja tawini akanibishia: "Kamanda, wewe unaongea vitabu. Mgombea wa CCM 2015 atakuja na visima na pikipiki. Sisi tutakwenda na Hansard?" Ni hoja nzito na sitaki kuipuuza. Njaa haisomi Hansard. Lakini nami nikamwuliza: kwenye mashindano ya kugawa pikipiki, nani ana pikipiki nyingi, sisi au wao? Tukikubali mpambano uhamie kwenye uwanja wa zawadi, tumeshashindwa kabla ya refa kupuliza filimbi. Uwanja wetu ni hesabu. Tuwafundishe watu kudai hesabu.

Hebu nitoe mfano wa hesabu, muone inavyoweza kuwa kali kuliko matusi ya jukwaani.

Sensa ya 2012 imetuambia Mkoa wa Dar es Salaam una watu 4,364,541. Mtambo wa Ruvu Chini umejengwa kuzalisha lita milioni 180 kwa siku, na wa Ruvu Juu lita milioni 82. Jumla lita milioni 262. Gawanya kwa watu wote wa mkoa, kuanzia kichanga hadi bibi kizee, unapata kama lita 60 kwa kila kichwa kila siku. Hayo ni madumu matatu. Tena hapo hatujahesabu viwanda na hoteli, wala Kibaha na Bagamoyo wanaochota mabomba hayo hayo.

Sasa uliza nyumbani kwako: familia ya watu sita mnapata madumu kumi na nane kwa siku bombani? Kama hampati, maji yenu yameenda wapi? Yamevuja njiani? Yameibwa kwa mabomba ya kujiunganishia? Yamekwenda kwenye mitaa ambayo haijawahi kukosa? Au yamegeuka kuwa yale yanayouzwa kwenye maboza yanayopita mtaani kwetu kila siku? Bomba kubwa la Ruvu Juu linapita huku huku kwetu, na matangi makubwa yako hapa Kimara. Mama yule akisimama barazani kwake, maji ya jiji yanapita karibu naye kwenda kwa watu wengine.

Serikali inasema inapanua. Ni kweli, Ruvu Chini inapanuliwa kwa fedha za Marekani ifikie lita milioni 270, na Ruvu Juu kwa mkopo wa India ifikie lita milioni 196. Vizuri sana. Lakini mkopo ni deni la mama wa chapati pia. Na ukiongeza maji kwenye bomba linalovuja, umeongeza kinachovuja. Kwa hiyo maswali ya kuuliza bungeni ni haya: maji kiasi gani yanapotea kabla ya kumfikia mteja, yanapotelea wapi, nani amewajibishwa, na ratiba ya mgao ya Kimara, Mbezi, Saranga na Goba inatekelezwa au ipo kwenye karatasi tu?

Kwenye swali hilo la mwisho ndipo sisi vijana tunapoingia, na ndiko nilikotaka kufika.

Mbunge akisimama bungeni akasema "wananchi wangu hawapati maji," waziri anamjibu "wanapata mara mbili kwa wiki kwa mujibu wa ratiba," na mjadala umekufa. Lakini akisimama na karatasi yenye tarehe, mtaa kwa mtaa, inayoonyesha kwamba kwa siku 60 bomba la mtaa fulani limetoa maji siku 5 tu, tena kuanzia saa saba usiku, hapo waziri atatafuta maji ya kunywa mwenyewe. Nani wa kuandika karatasi hiyo? Mbunge hawezi kulala kwenye kila mtaa. Sisi tunaweza. Tumo kwenye kila mtaa, tuna matawi, tuna simu, tuna muda wa kubishana kijiweni hadi saa nne usiku.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na naomba viongozi wa vijana wa wilaya myasome.

La kwanza, kila tawi lifungue daftari la maji. Daftari la kawaida la shule, mistari na peni. Tarehe, saa maji yalipoanza, saa yalipokatika, bei ya dumu siku hiyo. Kijana mmoja kwa kila mtaa anatosha. Kila mwezi nakala iende ofisi ya mbunge na kwa diwani. Wa CCM naye apewe, asije akasema hakujua.

La pili, wabunge wetu watoe taarifa kwa wananchi kila baada ya mkutano wa Bunge. Sizungumzii mkutano wa hadhara wa muziki na helikopta. Nazungumzia karatasi moja ubaoni kwenye kila ofisi ya tawi: nimeuliza nini, nimejibiwa nini, nimepiga kura gani, fedha za Mfuko wa Jimbo zimekwenda wapi shilingi kwa shilingi. Mbunge wetu wa Ubungo ana kazi mbili, maana yeye pia ni waziri kivuli wa nishati na madini. Kazi hiyo ya taifa tunajivunia, lakini haimpunguzii deni la jimbo, na nina imani yeye mwenyewe hapingi hilo. Na sisi vijana tuwe wa kwanza kumdai, kabla wapinzani wetu hawajamdai kwa nia mbaya. Kumdai mbunge wetu siyo usaliti. Usaliti ni kumpigia makofi huku tukijua bomba ni kavu.

La tatu, tuache kuahidi tusichoshika. Mwaka huu kwenye mitaa, mgombea wetu wa uenyekiti asiseme "nitaleta maji." Aseme: "Nitaitisha mkutano wa mtaa kwa wakati, nitasoma mapato na matumizi mbele yenu, nitashika daftari la maji na nitalipeleka kwa diwani na mbunge." Hayo yako ndani ya uwezo wake, na asipoyafanya mtamuona. Na safari hii tusiidharau nafasi hiyo. Tulipata ubunge tukakosa mitaa, tumeona matokeo yake.

La nne, linahusu Katiba mpya. Rasimu ya Pili ya Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza wananchi wapewe mamlaka ya kumwondoa mbunge kabla ya miaka mitano, ubunge uwe na ukomo wa vipindi vitatu, na mawaziri wasiwe wabunge. Wajumbe wa UKAWA walitoka nje ya Bunge Maalum Aprili 16 kwa sababu maoni ya wananchi yaliyomo kwenye Rasimu yanapigwa chini, na mimi nawaunga mkono. Lakini tujiulize wenyewe: siku wananchi wakipewa rungu la kumwondoa mbunge, watampimia nini? Kama kipimo ni jezi na rambirambi, mbunge mzuri ataondolewa na mgawa sukari atabaki mpaka azeeke. Haki ile bila wananchi wanaojua kazi ya mbunge ni panga mkononi mwa mtoto. Kazi ya kuwaelimisha haihitaji kusubiri Katiba. Inaanza barazani kwa mama wa chapati.

Najua baadhi yenu mtasema nawapa CCM silaha kwa kuandika haya hadharani. Silaha wanayo, tuliwapa wenyewe tulipoahidi maji ya kutoka bombani kwa kupiga kura moja. Mimi nimemdanganya mama wa watu, na sikujua kama namdanganya, maana nilikuwa na miaka ishirini na mbili na niliamini. Sasa najua. Nikirudia uongo ule ule 2015 sitakuwa na kisingizio.

Nimeshanunua daftari. Kurasa 96, shilingi elfu moja. Ukurasa wa kwanza nimeandika: Jumatatu, hakuna. Jumanne, hakuna. Jumatano, saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, presha ndogo, hayapandi kwenye tangi. Alhamisi, hakuna. Ijumaa, hakuna. Dumu 400, Ijumaa 500.

Jumapili hii narudi kwa mama. Nitamwomba radhi kwanza kwa niliyomwambia 2010. Nitamweleza hoja ya Februari 2013, nani aliipeleka na nani aliiondoa. Halafu nitamwonyesha daftari na kumwomba anisaidie kuandika saa za usiku, maana yeye ndiye anayeamka kuchota na mimi usingizi wangu mzito. Akiichukua kadi, sawa. Asipoichukua, daftari litaendelea.

Naomba kuwasilisha.

Mwandishi ni mwanachama wa kawaida wa tawi, Kimara.